Vita vya Afyuni havikuletwa na nakisi ya biashara

Tangu Aprili 2025, Marekani ilipopandisha ushuru wa bidhaa za China hadi asilimia 145 na Beijing ikajibu kwa asilimia 125, kuna ulinganisho mmoja wa kihistoria unaorudiwa redioni, magazetini na kwenye makundi ya WhatsApp. Unasimuliwa hivi: katika karne ya 19 Uingereza ilinunua chai tele kutoka China lakini haikuwa na cha kuiuzia, madini ya fedha yakawa yanakwenda upande mmoja, Mwingereza akatafuta afyuni ya kuzibia pengo, Mchina akaikataa, mizinga ikalia. Leo mwenye pengo ni Marekani. Na kwa vile Washington ilitanguliza fentanili kama sababu ya awamu za kwanza za ushuru huo, Februari na Machi 2025, ulinganisho umezidi kunoga, maana safari hii anayelalamikia dawa za kulevya ni nchi ya Magharibi na anayetuhumiwa ni Mchina. Wasimulizi humalizia kwa onyo kwamba nakisi ya biashara ikiachwa ikue mno, mwisho wake ni vita.

Kisa hicho kina mvuto, ila tarehe zake hazipatani. Vita vya Kwanza vya Afyuni vilianza 1839. Kufikia wakati huo, Uingereza ikihesabiwa pamoja na India yake, nakisi na China ilikuwa imeshazibwa kwa zaidi ya miaka kumi. Tangu katikati ya miaka ya 1820 fedha ilikuwa ikitoka China kwenda nje, na waliokuwa wakikesha kwa hofu ya nakisi ni maofisa wa Beijing. Kama nakisi ndiyo iliyoleta vita, basi vita vilipaswa kuja mapema, Kampuni ya Uhindi Mashariki ilipokuwa ikisafirisha masanduku ya fedha kulipia chai. Vilikuja urari ulipokuwa umegeuka kabisa. Ninachokiona mimi ni kwamba manowari zilipelekwa Guangzhou kulinda mapato ya hazina mbili, ya London na ya serikali ya Kiingereza ya India iliyokaa Calcutta, na kulipa deni ambalo ofisa mmoja wa Kiingereza aliitwika serikali yake kwa wino wa siku moja. Tofauti hii ina uzito, kwa sababu inabadilisha kabisa kitu tunachopaswa kukitazama leo.

Tuanze na mpangilio wenyewe. Kuanzia 1757 dola ya Qing, ukoo wa kifalme uliotawala China, iliwabana wafanyabiashara wa Ulaya kwenye bandari moja, Guangzhou, mji uleule ambao leo wachuuzi wa Kariakoo na Eastleigh wanaujua mitaa kwa mitaa. Mgeni hakuruhusiwa kumuuzia amtakaye. Alilazimika kupitia kikundi cha wafanyabiashara wachache wenye kibali, Cohong, waliokuwa wadhamini wake mbele ya ofisa wa forodha wa mfalme. Mmoja wao, Wu Bingjian, ambaye Wazungu walimwita Howqua, alitajirika kiasi cha kuhesabiwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa dunia ya wakati wake. Upande wa Uingereza nako mlango ulikuwa mmoja: Kampuni ya Uhindi Mashariki peke yake ndiyo iliyokuwa na haki ya biashara ya China hadi 1834. Kwa hiyo hadithi ya soko huria kugonga mlango uliofungwa inaanza vibaya. Ulikuwa ukiritimba ukikutana na ukiritimba mwenzake, na kwa miongo mingi walielewana vizuri tu. Msafara wa Macartney wa 1793, ule ujumbe wa Uingereza uliokwenda kumwomba mfalme Qianlong afungue bandari zaidi na ukarudi mikono mitupu, husimuliwa kama mgongano wa tamaduni mbili. Hata hivyo biashara ya chai iliendelea kana kwamba hakuna aliyemkosea mwenzake.

Kilichokuwa kikiendelea London ndicho hukosekana kwenye simulizi. Mwaka 1784 Bunge lilishusha ushuru wa chai kutoka asilimia 119 hadi 12.5 ili kuua magendo. Magendo yakapungua, watu wakanywa chai zaidi, na vita na Ufaransa vilipoanza kula hazina, ushuru ukapandishwa tena hatua kwa hatua hadi ukakaribia asilimia 100. Kufikia miaka ya 1830 meli za Kampuni zilikuwa zikishusha chai ya ratili zaidi ya milioni 30 kwa mwaka, na ushuru wake uliiletea serikali kama pauni milioni 3, takriban sehemu moja ya kumi ya mapato yake yote. Fikiria maana yake. Kila kikombe kilichoongeza nakisi na China kiliongeza pia mapato ya serikali iliyodaiwa kuumizwa na nakisi hiyo. Mtu anayekusanya kodi kwenye kidonda chake hana haraka ya kukitibu. Hofu yake ni moja tu, kwamba chai itaacha kuja.

Mzigo wa kutafuta fedha ya kununulia chai uliiangukia Kampuni, nayo ilikuwa na jawabu katika jimbo la Bengali, India. Tangu 1773, chini ya Warren Hastings, afyuni ya huko ilikuwa mali ya ukiritimba wa serikali yake. Mkulima wa Bihar alipokea arbuni, akapanda mpopi, na utomvu wake akauza kwa wakala wa serikali tu, kwa bei iliyopangwa na wakala. Afyuni ilifinyangwa madonge, ikapangwa kwenye makasha ya karibu kilo 64, ikapelekwa Calcutta na kupigwa mnada. Hapo ndipo Kampuni ilipojitoa. Nyundo ya mnada ikishagonga, mzigo ulikuwa wa mnunuzi, na meli za Kampuni zenyewe hazikuubeba, kwa sababu Beijing ilikuwa imeipiga marufuku afyuni tangu amri ya 1729 na kuzikaza amri hizo mwishoni mwa karne, na Kampuni haikutaka kuhatarisha kibali chake cha chai. Walioibeba ni wafanyabiashara binafsi, Waskoti kama William Jardine na James Matheson, na Waparsi wa Bombay kama Jamsetjee Jejeebhoy. Walitia nanga kisiwa cha Lintin, kwenye mlango wa Mto Lulu, wakauza kwa mashua za magendo za Wachina na kulipwa madini ya fedha papo hapo. Fedha hiyo waliiwasilisha kwenye hazina ya Kampuni pale Guangzhou, wakapewa hawala za kulipwa London au Calcutta. Kampuni ikaitumia fedha hiyo kununua chai. Mzunguko ukakamilika bila Kampuni kugusa kasha hata moja katika maji ya China. Nimesoma habari za njama nyingi za kibiashara, lakini chache zimepangwa kwa unadhifu huu: serikali inalima, inapika, inauza, inapokea malipo, kisha inaapa kwamba haihusiki.

Karibu na 1820 China ilikuwa ikipokea makasha kama 4,000 kwa mwaka. Kufikia 1838 yalikuwa yanakaribia 40,000. Kati ya tarakimu hizo mbili ndipo nakisi ilipokufa. Na hapa lazima niwape haki wanahistoria wanaosema afyuni peke yake haikuikausha fedha ya China. Vita vya uhuru vya Amerika ya Kusini na Mexico vilivuruga migodi iliyokuwa ikilisha dunia nzima fedha, ikawa adimu kila mahali. Ni hoja nzito. Lakini uadimu wa fedha hauelezi kwa nini China, iliyokuwa ikiipokea kwa karne nyingi, iligeuka kuwa nchi inayoitoa. Kwa mkulima wa Kichina chanzo kilikuwa kimoja tu akilini mwake. Alipata kipato chake kwa sarafu za shaba na kutozwa kodi iliyokadiriwa kwa fedha, na tael moja ya fedha, kipimo cha uzito cha Kichina, iliyowahi kuwa sawa na sarafu 1,000, ilikuwa ikipanda kuelekea 2,000. Kodi yake ilikuwa inapanda bila mtu kutangaza nyongeza.

Mjadala wa Beijing wa 1836 hadi 1838 ulihusu hesabu hizo kuliko unavyohusu maadili. Ofisa Xu Naiji alipendekeza afyuni ihalalishwe, itozwe ushuru, na kubadilishwa kwa bidhaa tu ili fedha isitoke. Alishindwa. Mfalme Daoguang akamtuma ofisa mwingine, Lin Zexu, aliyefika Guangzhou Machi 1839, akawazuia wageni katika makazi yao hadi watoe afyuni yote. Na hapa ndipo Charles Elliot, msimamizi wa biashara wa Uingereza, alipofanya jambo lililobadilisha kila kitu: aliwaagiza wafanyabiashara wamkabidhi yeye makasha 20,283 kwa jina la serikali ya Uingereza, akiahidi kwamba watalipwa. Wafanyabiashara hawakubisha, soko lilikuwa limelala na hapa wamepata mnunuzi asiyeuliza bei. Juni 3 Lin akaanza kuyaharibu pale Humen kwa chokaa na chumvi. Aliharibu mali ambayo, kwa saini ya Elliot, ilikuwa tayari ya taji la Uingereza.

Deni hilo lilizidi pauni milioni 2, na serikali ya Waziri Mkuu Melbourne ilikuwa dhaifu bungeni na bajeti yake haikuwa inatosheleza. Kuliomba Bunge liwalipe walanguzi wa afyuni kwa kodi ya wananchi lilikuwa jambo lisilowezekana kisiasa. Oktoba 1839 baraza la mawaziri likaamua kwamba atakayelipa ni China. Bunge la Makabwela lilipojadili suala hilo Aprili 1840, hoja ya kuilaumu serikali ilishindwa kwa kura 271 dhidi ya 262, tofauti ya kura 9. Mkataba wa Nanjing wa Agosti 1842 unasomeka kama ankara: dola milioni 6 za fedha kwa afyuni iliyoharibiwa, milioni 3 kwa madeni ya wafanyabiashara wa Cohong, milioni 12 kwa gharama za vita, jumla milioni 21. Pamoja na hayo Hong Kong, na bandari tano kufunguliwa. Biashara ya afyuni yenyewe haikuhalalishwa hapo. Ilibaki magendo hadi 1858, ilipopewa ushuru wa tael 30 kwa kila pikuli, yaani karibu kilo 60, baada ya duru ya pili ya vita kuanza.

Wapo wanaotetea upande wa Uingereza kwa hoja ya heshima na soko huria, na mmoja wao maarufu hata hakuwa Mwingereza. Rais mstaafu wa Marekani, John Quincy Adams, alihutubia mwaka 1841 akidai kwamba chanzo cha vita ni desturi ya kusujudu, yaani kiburi cha China cha kukataa kuwatendea wengine kama walio sawa nayo. Sipendi kuitupa hoja hii yote. Mfumo wa Guangzhou ulikuwa na uonevu wake: ada zilibuniwa, hongo ilikuwa sehemu ya gharama, madai ya mgeni hayakuwa na mahakama ya kuyasikiliza, na baada ya Kampuni kupoteza ukiritimba mwaka 1834 hapakuwa na utaratibu wa serikali moja kuzungumza na nyingine. Kuna pia wanaokumbusha kwamba afyuni ilikuwa halali Uingereza kwenyewe, ikiuzwa dukani kama dawa ya kikohozi, na kwamba Wachina wengi walioivuta hawakuwa mateja. Hilo nalo lina ukweli wake. Tena mtandao wa Lintin usingedumu wiki moja bila mabaharia, mabenki na maofisa wa Kichina waliokula humo. Simulizi ya China yote kuwa mhanga asiye na doa ni ya vitabu vya shule.

Lakini soko huria linajipima kwa matokeo. Bandari tano zilipofunguliwa, wenye viwanda wa Manchester waliota kuivalisha theluthi moja ya wanadamu. Mwaka 1852 ofisa wa Hong Kong aitwaye Mitchell aliandika ripoti ya kukata tamaa: baada ya miaka kumi ya uhuru wa biashara, China haikuwa inanunua hata nusu ya bidhaa za viwanda za Uingereza zilizonunuliwa na Uholanzi. Kilichokua ni afyuni. Nayo ilikuwa ikiipa serikali ya India takriban sehemu moja ya saba ya mapato yake, ikishindana na chumvi kwa nafasi ya pili baada ya kodi ya ardhi. Kama lengo lingekuwa soko, ripoti ile ingebadilisha sera. Lengo likiwa mapato, hapakuwa na cha kubadilisha. Hata mwisho wa biashara hiyo unathibitisha hesabu hii. Uingereza ilikubali mwaka 1907 kuipunguza hatua kwa hatua, na usafirishaji kutoka India ukakoma 1913, wakati afyuni ya Sichuan na Yunnan ilikuwa imeshaishinda ya Bengali sokoni na sehemu yake katika bajeti ya India ilikuwa imeshuka sana. Wahubiri waliipinga kwa nusu karne. Walisikilizwa ilipokuwa nafuu kuwasikiliza.

Kilichodumu kuliko afyuni ni kifungu cha ushuru. Mikataba ya 1842 na 1843 iliifunga China kwenye ushuru wa takriban asilimia 5, ikawatoa Waingereza chini ya mahakama za Kichina, na kuwapa manufaa yoyote ambayo taifa lingine lingepewa baadaye. China haikurudishiwa uhuru wa kupanga ushuru wake hadi karibu na 1930. Idara ya forodha yenyewe iliendeshwa na mtu wa Ireland, Robert Hart, kuanzia 1863 hadi kifo chake 1911. Aliiendesha kwa uadilifu mkubwa, na sehemu kubwa ya alichokusanya ilikwenda kulipa madeni na fidia za nje. Wasomaji wa pwani yetu wana sababu ya kusimama kidogo hapa. Mei 31, 1839, siku tatu kabla Lin hajaanza kuharibu makasha kule Humen, mkataba wa biashara kati ya Seyyid Said bin Sultan na Uingereza ulitiwa saini Zanzibar: ushuru usiozidi asilimia 5, na kesi baina ya raia wa Kiingereza kuamuliwa na balozi wao mdogo. Zanzibar hapakupigwa mzinga. Marekani ilikuwa imepata asilimia 5 hiyohiyo kwake tangu 1833. Wala hakukuwa na nakisi yoyote na Zanzibar ya kuipigania. Masharti yaleyale kwa China iliyopigwa na kwa Sultani aliyekuwa rafiki yanaonyesha kwamba yalikuwa sera, na nakisi ilikuwa kisingizio kilichopatikana China pekee.

Tukirudi kwenye ushuru wa Washington, nakisi ya Marekani na China ni ya kweli, na tatizo la fentanili linaua kweli. Siwalinganishi wahusika. Ninachokitazama ni kitu kingine: katika mwaka wa fedha ulioishia Septemba 2025, forodha ya Marekani iliingiza kama dola bilioni 195, zaidi ya mara mbili ya mwaka uliotangulia. Ushuru ulioanza kama silaha ya kuziba pengo umekuwa mstari kwenye bajeti. Kuanzia hapo hesabu inabadilika. Bidhaa za China zikiacha kabisa kuja, kama ambavyo wanaolia na nakisi wangetaka, ushuru wake nao unakoma. Serikali inayotegemea ushuru huo ina sababu ya kutaka nakisi ipungue kidogo tu, na iendelee. Novemba 2025 ule wa fentanili ulishushwa hadi asilimia 10. Haukufutwa wakati huo.

Kwetu somo hili linakaribia zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Juni 2025 Beijing ilitangaza kuwa tayari kuondoa ushuru wote kwa bidhaa za nchi 53 za Afrika, na mazungumzo yakarudi palepale: tuwauzie nini ili pengo lipungue? Maparachichi, wanasema, Kenya ilipeleka mabichi ya kwanza 2022, na Tanzania ikatia saini itifaki yake mwaka huohuo. Hakuna ubaya wa kuuza parachichi. Lakini Tanzania ilikuwa na msamaha huo wa ushuru tangu Desemba 2024 kama nchi yenye maendeleo duni, na kikwazo chake kikubwa kilibaki kuwa masharti ya afya ya mimea, vyumba vya ubaridi na safari ndefu ya baharini. Wakati huohuo, kila kontena la China linaloshushwa Mombasa au Dar es Salaam linalipa ushuru wa forodha, kodi ya ongezeko la thamani na tozo ya maendeleo ya reli, ambayo Kenya ilianza kuitoza mwaka 2013 kwa asilimia 1.5 ya thamani ya mzigo na Tanzania ikafuata. Kwa Kenya, reli hiyo ilijengwa kwa mikopo ya China, na Oktoba 2025 Nairobi iliibadilisha mikopo hiyo kutoka dola kuwa yuan ili kupunguza riba.

Maana yake ni kwamba waziri wa fedha wa Afrika Mashariki anayelalamikia nakisi na China anakalia kiti kinachofanana na cha mwenzake wa London wa 1830: sehemu ya mapato yake inatoka kwenye nakisi hiyohiyo. Tofauti ni kwamba hana manowari, na mkopeshaji wake ndiye muuzaji wake. Ndiyo maana sitarajii kwamba ahadi za kusawazisha biashara zitatimizwa, hata viongozi wakiwa wa kweli wanapozitoa, mpaka bajeti zipate chanzo kingine cha kuziba nafasi ya makontena hayo. Mwezi Juni hotuba za bajeti zikisomwa Nairobi, Dodoma na Kampala, takwimu za urari wa biashara zitatajwa kwa masikitiko kwenye kurasa za mwanzo. Makadirio ya forodha yatakuwa mbele zaidi, kwenye sura ya mapato, na miaka mingi sasa makadirio hayo yamekuwa yakipandishwa.